Maswali ya Wasomaji: Bibi wa Shamba na Jina la Kwao

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji waliooa au kuolewa Marekani, au wanaolea watoto huko. Karibu zote zinamtafuta mtu wa aina moja: mwanamke wa shamba wa karne ya 19 ambaye karatasi zinamwita mke wa fulani, kisha mama wa fulani, kisha mjane wa fulani. Tumeanza na swali lililorudiwa kuliko mengine.

SWALI: Shikamooni. Mume wangu ni kilembwe wa bibi mmoja tunayemjua kwa jina la Polly tu. Aliishi mashambani kusini mwa Ohio. Kwenye sensa ya 1880 ameandikwa Mary, mke, miaka 52, kazaliwa Kentucky, baba yake Virginia, mama yake North Carolina. Kaburi lina jina la mumewe. Wanangu wananiuliza kwao Polly ni wapi na sina la kuwaambia. Nianzie wapi? — *Mama wa wawili, Columbus, Ohio*

JIBU: Marahaba, Mama. Kwanza tuondoe wasiwasi wa jina: Polly na Mary ni jina moja. Wamarekani wa wakati ule walimwita Mary Polly, Martha Patsy, Sarah Sally, Margaret Peggy, Elizabeth Betsy, na Ann mara nyingi akawa Nancy. Kila unapotafuta, tafuta kwa majina yote mawili.

Usikimbilie Kentucky. Huko utakutana na akina Mary mia moja wenye umri huo na hutajua wako ni yupi. Anza na vifo vya watoto wake. Ohio ilianza vyeti vya vifo vya jimbo zima tarehe 20 Desemba 1908, na cheti kina nafasi ya jina la kwao mama wa marehemu. Polly huenda alikufa kabla ya hapo, lakini watoto aliowazaa kati ya 1848 na 1870 wengi wao walifikia miaka ya 1910 na 1920. Waorodheshe wote kutoka sensa za 1850, 1860, 1870 na 1880, kisha tafuta cheti cha kila mmoja, si cha yule tu aliye upande wa mume wako. Mabinti watafute kwa majina ya waume zao. Picha za vyeti vya Ohio kuanzia 1908 hadi 1953 zinaonekana bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Unafungua akaunti tu.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Cheti cha kifo hakikuandikwa na marehemu. Tazama mstari wa mtoa habari. Akiwa ni binti mkubwa aliyeishi na bibi yake, jina lina uzito. Akiwa ni mkwe, au mjukuu aliyeishi mjini, huenda alitaja jina la mke wa pili wa babu au akabahatisha. Ukipata vyeti vitano vyenye majina matatu tofauti, usihesabu kura. Pima nani alikuwa karibu na mambo hayo. Watoto waliozaliwa baada ya 1867 watafute pia katika daftari la vizazi la mahakama ya mirathi ya kaunti. Usajili ule ulikuwa na mapengo, lakini ulifanyika mama akiwa hai, na jina la kwao huandikwa humo.

Ukishapata jina la kufanyia kazi, rudi nyuma sensa kwa sensa mpaka 1850, ambayo ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Kabla ya hapo, tangu 1790 mpaka 1840, mkuu wa kaya tu ndiye aliyetajwa. Polly akiwa mtoto ni namba ndani ya safu ya wasichana wa umri fulani. Katika 1850 usisome kaya yake peke yake. Soma kurasa mbili kabla na mbili baada, kwa sababu karani alipita nyumba hadi nyumba, na vijana waliooana walipewa au walinunua kipande karibu na wazee. Unatafuta mzee wa miaka 50 au 60 aliyezaliwa Virginia, mwenye mke aliyezaliwa North Carolina, na wana waliozaliwa Kentucky. Tazama pia kikongwe mwenye ubini mwingine anayeishi ndani ya nyumba ya Polly mwaka 1860 au 1870. Mara nyingi huyo ni mama yake. Na yatazame majina ya wanawe: jina la kati la mtoto wa kiume mara nyingi ni ubini wa upande wa mama.

Mwisho, ndoa. Sensa itakuonyesha mtoto wa kwanza alizaliwa jimbo gani. Anzia huko, katika kaunti ya bibi harusi. Kama ni Kentucky, kabla ya leseni bwana harusi aliweka dhamana pamoja na mdhamini, na mdhamini huyo mara nyingi ni baba au kaka wa bibi harusi. Bibi harusi akiwa chini ya miaka 21, kunaweza kuwa na kikaratasi cha ruhusa kutoka kwa baba yake kimekunjwa ndani. Dhamana ni ahadi tu. Kinachothibitisha ndoa ni taarifa ya mhubiri aliyeifungisha. Na ukiona bibi harusi ameandikwa "Mrs", ujue kwa kawaida alikuwa mjane, na ubini ulio mbele yako ni wa mume wa kwanza. Bado una ndoa moja ya kuitafuta kabla hujafika kwao.

SWALI: Bibi wa mke wangu ana miaka 34 kwenye sensa ya 1860, 41 kwenye ya 1870 na 49 kwenye ya 1880. Kila miaka kumi anaongeza saba au minane. Ni mtu mmoja kweli? — *Msomaji, Arusha*

JIBU: Anaweza kuwa mmoja kabisa. Hakuna aliyeonyesha cheti. Aliyekuwapo nyumbani ndiye aliyejibu, awe mume, mtoto mkubwa au jirani. Mtambue kwa kaya yake: watoto wale wale, kwa mpangilio ule ule, na jimbo lile lile la kuzaliwa.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba mke wa nyumbani ndiye mama wa watoto wote. Sensa za 1850, 1860 na 1870 hazikuwa na safu ya uhusiano. 1880 ndiyo ya kwanza. Mke akiwa na miaka 24 na mtoto wa kwanza miaka 12, hesabu inajieleza. Pengo la miaka mitano au sita katikati ya watoto nalo ni dalili ya msiba na ndoa mpya. Kama aliishi mpaka 1900, sensa hiyo itakupa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, amezaa wangapi na walio hai ni wangapi. Bibi aliyesema amezaa wanne, huku nyumba ikijulikana kwa watoto saba, amekwambia kuna mama mwingine kaburini.

Ya 1890 usihangaike nayo. Karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Januari 1921 mjini Washington. Pengo la miaka 20 lizibe kwa sensa za majimbo zilizopo, kama Iowa 1885, Kansas 1885 na 1895, Minnesota 1885 na 1895, New York 1892.

SWALI: Ninanakili hati za zamani za ardhi za Marekani kwa malipo mtandaoni. Mara kwa mara naona maneno kwamba mke wa muuzaji alitengwa na mumewe na kuhojiwa peke yake. Hii ilikuwa ni nini? Ina faida kwa mtu anayetafuta ukoo? — *Kijana, Nairobi*

JIBU: Ina faida kuliko karibu karatasi nyingine yoyote ya shambani, na wengi wanairuka kwa sababu inaonekana ni maneno ya kawaida ya karani.

Mke alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe endapo mume angetangulia kufa. Msomaji wa pwani aliyezoea thumni ya mjane katika mirathi ya Kiislamu asichanganye mambo: thumni inakuwa mali yake moja kwa moja, ilhali theluthi hii ilikuwa ni haki ya kuitumia ardhi mpaka kufa kwake, kisha inarudi kwa warithi wa mume. Aliyenunua shamba bila mke kuiachia haki hiyo angeweza kudaiwa na mjane miaka 20 baadaye. Kwa hiyo wanunuzi makini walidai jina la mke liwemo.

Hati ya kawaida ya Virginia au Kentucky ya miaka ya 1840 utaiona hivi. Juu ni mauzo: bwana fulani na mkewe Elizabeth wanauza ekari 85 kando ya kijito, mpaka ukianzia kwenye mwaloni mweupe na kupita shamba la jirani aliyetajwa kwa jina. Chini ni cheti cha karani au cha mahakimu wawili wa amani: Elizabeth aliletwa mbele yao, akawekwa kando na mumewe, akaelezwa hati, akasema anaiachia haki yake kwa hiari yake bila kushurutishwa. Hapo una jina lake, la mume, la jirani na la kijito, pamoja na tarehe ambayo hapana shaka alikuwa hai.

Ziweke hati za mume mmoja kwa mpangilio wa tarehe. Kama 1851 anauza pamoja na Nancy, na 1857 anauza pamoja na Sarah, basi yaelekea Nancy alifariki kati ya miaka hiyo miwili, hata kama hana kaburi linalojulikana. Kisha tafuta hati ambazo mume na mke wanauza sehemu ya shamba la marehemu ambaye ubini wake ni mwingine. Huyo marehemu aghalabu ni baba wa mke. Soma sehemu inayouzwa: moja ya saba inamaanisha warithi walikuwa saba. Utaziona hati nyingine sita karibu na hiyo, za kaka na dada zake, na karani ataeleza kwamba mwanaume fulani anauza kwa haki ya mkewe. Familia nzima imejipanga kwenye kurasa chache.

Faharasa za vitabu hivi ziko mbili, moja ya wauzaji na moja ya wanunuzi, na mara nyingi zinamtaja mume peke yake, mke akifupishwa kwa maneno ya Kilatini "et ux", yaani na mkewe. Ndiyo maana wanawake hawa walikuwa hawaonekani. Tangu 2024 FamilySearch ina utafutaji wa maandishi yote, ambapo kompyuta imesoma miandiko ya hati za ardhi na mirathi za Marekani neno kwa neno. Weka jina la mume na la mke pamoja, bana eneo liwe kaunti moja, kisha rudia kwa tahajia mbaya, kwa sababu mashine husoma vibaya.

Wewe unayenakili, angalia mambo matatu. "S" ndefu ya zamani inafanana na "f", kwa hiyo Jefse ni Jesse. L na S kubwa zinapishana, vivyo hivyo I na J. Na "do" chini ya jina si jina la mtu. Maana yake ni kama ilivyo hapo juu. Kitabu cha kaunti nacho ni nakala ya mkono wa karani. Sahihi iliyomo si mwandiko wa bibi, ila alama ya X katikati ya jina lake inakuambia kwamba kwenye hati yenyewe aliweka alama.

SWALI: Kwa wakwe zangu wanasema babu yao alikufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, akaacha mke na watoto watatu shambani Minnesota. Hatuna barua wala picha. Kuna chochote kuhusu huyo mke? — *Baba Neema, Minneapolis*

JIBU: Kama alipigana upande wa Kaskazini, Baba Neema, huenda kuna faili la kurasa 30, 60 au zaidi, na ndani yake mwanamke huyu anazungumza mwenyewe.

Sheria ya 14 Julai 1862 iliwapa wajane wa askari pensheni. Mjane wa askari wa kawaida alipata dola 8 kwa mwezi, na tangu 1866 akaongezewa dola 2 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 16. Lakini ilimbidi athibitishe mambo matatu: kwamba aliolewa kihalali, kwamba mume alikufa kutokana na vita, na kwamba watoto ni wa ndoa hiyo. Katika jimbo lisilokuwa na usajili wa vizazi alifanyaje? Alimleta mkunga akaapa kwamba alikuwepo siku ya kujifungua. Alimleta dada yake akaapa kwamba alihudhuria harusi. Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia ulioandikwa vizazi na kuutuma Washington, nao umo faililini mpaka leo. Ndiyo maana Biblia nyingi za nyumbani zinakosa ukurasa huo.

Hatua ni hizi. Tafuta kadi ya faharasa ya pensheni ya askari. Juu kuna jina lake na kikosi; chini kuna mstari wa askari mwenyewe, wa mjane na wa watoto, kila mmoja ukiwa na tarehe ya maombi, namba ya maombi, namba ya cheti na jimbo alikoombea. Namba ya maombi ikiwepo bila ya cheti, maombi hayakukubaliwa, ila faili lipo, na mara nyingi ni nene zaidi kwa sababu waliendelea kubishana. Agiza kwa Hifadhi ya Taifa ya Marekani kwa fomu NATF 85. Omba faili zima, si mkusanyiko wa kurasa chache zilizochaguliwa. Kiapo cha mkunga ndicho kinachoachwa. Ada hubadilika, itazame siku ya kuagiza. Mafaili mengine ya wajane yameshapigwa picha, kwa hiyo tafuta mtandaoni kabla hujalipa.

Mjane akiolewa tena, pensheni yake ilikoma na watoto wakaendelea kulipwa kupitia mlezi. Mstari wa watoto kwenye kadi ni dalili ya kwanza kwamba mama yao alikufa au alipata mume mwingine, na ubini mpya utaukuta humo. Kama mume alirudi salama, usikate tamaa: mwaka 1898 na 1915 maaskari wastaafu walitumiwa fomu zilizouliza jina la kwao mke, walifunga ndoa lini, wapi, na nani aliwafungisha, na majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Na kama kaka yake alifia vitani bila kuoa, tafuta maombi ya mama yao. Mama aliyemtegemea mwanawe aliruhusiwa kuomba, na faili hilo linakupeleka kizazi kizima nyuma.

Waliopigana upande wa Kusini hawakulipwa na Washington. Pensheni zao zilitolewa baadaye na majimbo ya Kusini, tena na jimbo alikoishi mwombaji, si alikojiandikisha mume jeshini.

SWALI: Nimeambiwa mahakama ya kaunti iliungua wakati wa vita na kila kitu kimeteketea. Niache? — *Mstaafu, Maryland*

JIBU: Uliza kwanza kiliungua nini. Mara nyingi vitabu vya ardhi vilikuwa kwenye jengo la karani lililo pembeni na vikapona. Hata vilipoungua, wenye mashamba walirudi na hati zao zisajiliwe upya. Kwa hiyo soma vitabu vya miaka 10 au 20 baada ya moto ukitafuta hati za tarehe za nyuma. Orodha za kodi za Virginia na Kentucky zilikuwa na nakala makao makuu ya jimbo. Na kumbukumbu za makanisa ya Kibaptisti ya vijijini ziliwataja wanawake kwa majina yao: nani alipokelewa kwa barua kutoka kanisa gani, nani aliomba barua ya kuhama na lini. Barua hiyo ya kuhama huonyesha familia ilitoka wapi.

Kisha hakikisha kaunti ndiyo yenyewe. Kentucky ilipokuwa jimbo mwaka 1792 ilikuwa na kaunti 9. Leo ina 120. Familia inaweza kukaa nyumba moja miaka 40 na karatasi zake zikawa katika mahakama tatu. Maktaba ya Newberry ya Chicago imeweka mtandaoni bure ramani za mipaka ya kaunti kwa kila tarehe.

Ndoa ya wazazi wa Rais Abraham Lincoln ni somo zuri. Watu waliitafuta katika Kaunti ya Hardin, ambako wenzi hao waliishi baada ya kuoana. Haikuonekana, na maneno ya kumvunjia heshima Nancy Hanks yakaenea kwamba hakuolewa. Karatasi zilikuwa zimetulia katika Kaunti ya Washington, alikoishi bibi harusi: dhamana ya pauni 50 ya tarehe 10 Juni 1806, yenye majina ya Thomas Lincoln na Richard Berry, na taarifa ya mhubiri Jesse Head kwamba aliwafungisha ndoa tarehe 12. Zilijulikana miaka mingi baada ya Lincoln kuuawa. Ndoa za mashambani zilifungwa kwao bibi harusi. Ukitafuta kwa mume tu, utamsingizia mwanamke wa watu.

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani Mweusi, asili yao Georgia. Bibi wa ukoo yumo kwenye sensa ya 1870, miaka 40, na watoto sita. Nyuma ya hapo ni giza. Njia ipo? — *Dada, Atlanta*

JIBU: Ipo, dada, na ni ya polepole. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, bila jina. Ukimlinganisha bibi kwa umri peke yake utaokota mtu yeyote.

Anza na karatasi za baada ya uhuru. Benki ya Akiba ya Watu Walioachwa Huru, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, iliandika katika daftari la wateja jina la baba, mama, mume au mke, watoto, kaka na dada, na baadhi ya madaftari yana jina la mmiliki wa zamani. Mtafute bibi, mumewe, na kila mtoto mkubwa. Ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru, iliyokuwapo 1865 hadi 1872, iliacha mikataba ya kazi za shamba, migao ya chakula na malalamiko ya kina mama waliodai watoto wao waliochukuliwa kufanyishwa kazi. Soma pia matangazo ya kutafutana: gazeti la *Christian Recorder* la Philadelphia na *Southwestern Christian Advocate* la New Orleans yalichapisha barua za watu waliotaja mama zao, wamiliki na mahali walipouzwa. Yasome taratibu. Ni maumivu ya watu halisi, na majina yamo.

Hapo ndipo unapomtafuta mmiliki. Usidhani ubini wa familia ni wake. Wengi walichukua ubini wa mmiliki wa kwanza, wa baba, au waliouchagua wenyewe. Tazama wazungu wenye mashamba waliokuwa majirani mwaka 1870, kisha fungua mirathi zao. Kwa sheria ya huko mtoto alifuata hali ya mama yake, kwa hiyo makarani walipoandika mali ya marehemu mara nyingi waliweka mama na wanawe pamoja: jina la mama, majina ya watoto wadogo, na bei mbele yao. Soma pia wasia na hati za zawadi za baba wa mke wa mmiliki. Wasichana wa kitumwa walitolewa kuwa mali ya binti anapoolewa, kwa hiyo bibi yako anaweza kuwa kwenye karatasi za ukoo wa bibi wa nyumba, katika kaunti nyingine, miaka 20 kabla ya vita.

SWALI: Nikimpima mume wangu vinasaba si nitapata jibu moja kwa moja? — *Mama Salma, Toronto*

JIBU: Utapata watu wa kuwauliza, jina utalipata kwenye karatasi. Kipimo cha kawaida kinapungua nusu kwa nusu kila kizazi: mjukuu ana robo ya bibi yake kwa wastani, kitukuu moja ya nane, kilembwe moja ya kumi na sita. Vilembwe wawili wa bibi mmoja, waliotoka kwa watoto tofauti na kupitia wajukuu na vitukuu tofauti, wataonekana kuwa ndugu kwenye kipimo karibu mara 9 kati ya 10. Wakiwa vining'ina, ni kama nusu tu. Kwa hiyo mpime mzee aliye karibu zaidi na bibi, kabla hajatutoka, na kwa ridhaa yake. Mjomba mmoja wa miaka 85 ana thamani kuliko wapwa zake watano.

Kipimo cha mitokondria kinafuata mama wa mama wa mama peke yake. Mwanaume anacho, lakini hakipitishi. Kinabadilika polepole mno, hivyo kulingana kabisa kunaweza kuwa kwa bibi wa miaka 500 iliyopita. Kazi yake ni kujibu swali lililobanwa. Tumrudie Nancy Hanks: uzao wake wa kike uliishia kwa binti yake Sarah, aliyefariki akijifungua 1828. Basi watafiti waliwapima watu wa nasaba za kike za Lucy Hanks, mama yake, na za Ann Lee Hanks, anayedhaniwa kuwa mama wa Lucy. Matokeo yaliyotangazwa 2015 yaliwaonyesha katika kundi moja adimu liitwalo X1c, yakaunga mkono kwamba Lucy alikuwa Hanks wa kuzaliwa. Swali lilikuwa moja, wenye kupimwa walichaguliwa kwa karatasi kwanza.

SWALI: Miti 14 ya ukoo mtandaoni yote inampa bibi yetu ubini mmoja. Nikubali? — *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Fungua kila mmoja utazame umeambatisha karatasi gani. Kumi na nne walionakiliana ni shahidi mmoja. Ukikuta "chanzo" cha mti ni mti mwingine, weka ubini huo pembeni kama fununu na uutafutie hati. Usiuingize kwenye mti wako. Atakuja wa kumi na sita akunakili wewe.

SWALI: Tulipiga picha kaburi la bibi likizo iliyopita. Linasema alikuwa "consort" wa fulani, alikufa 14 Machi 1884, miaka 61, miezi 5, siku 20. Sehemu ya chini haisomeki. — *Familia, Iowa*

JIBU: "Consort" ina maana mume alikuwa hai mke alipofariki, angekuwa mjane pengine lingeandikwa "relict". Kwa hiyo mume mtafuteni baada ya Machi 1884, na huenda ameoa tena. Tarehe ya kuzaliwa mnaipata kwa kurudi nyuma, miaka kwanza: 14 Machi 1823, toa miezi 5 ni 14 Oktoba 1822, toa siku 20 ni 24 Septemba 1822. Ongezeni uhuru wa siku moja au mbili, kwa sababu hatujui fundi alihesabu vipi.

Mkirudi kusoma chini, msipake chaki wala povu la kunyolea, na msimwagie dawa ya kung'arisha nguo. Jiwe la chokaa linalika. Chukueni kioo kikubwa, kishikwe pembeni ya jiwe kiurushe mwanga wa jua kwa mshazari juu ya uso wake. Herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Pigeni picha pembe tatu tofauti. Kabla hamjaondoka pigeni na makaburi ya safu ile ile, kushoto na kulia, hasa yenye ubini msioujua.